Siku Mkalimani wa Boma Alipogoma

Ninyi vijana mliorithi nafasi yangu pale boma mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ya ukalimani ilivyokuwa. Nimekubali kwa sababu nimestaafu juzi tu, na mke wangu Veronika ameshachoka kunisikia. Tena nasikia mnaambiana kwamba mzee Titusi alikuwa bingwa wa kutafsiri neno kwa neno. Huo ni uzushi. Katika utumishi wangu wote nilitafsiri neno kwa neno siku moja tu, na siku hiyo nusura nipoteze kazi, nyumba na, kama mngemuuliza Veronika, akili.

Niliingia bomani nikitokea Ihembe. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni, najua Kiswahili cha vitabuni na Kinyambo cha nyumbani, na miguuni nina viatu nilivyoazima kwa shemeji yangu mwenye mguu mdogo. Hili la viatu si dogo. Mkalimani husimama kutwa kati ya meza ya Bwana Shauri na watu wenye mashauri yao, na kiatu kikikubana utaanza kufupisha maneno ya wazee ili kesi iishe ukavivue. Bwana Shauri, kama mnavyojua, ndiye mzungu wa serikali anayesikiliza mambo ya wilaya. Walikuja na kuondoka, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuja na Kiswahili alichofaulia mtihani, ambacho wazee wetu hawakukielewa hata kidogo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Yustasi, mkalimani wa zamani mwenye meno meusi kwa kutafuna kahawa. Siku ile ya kwanza aliniweka nyuma yake nitazame. Akaingia mzee mmoja wa Kamuli mwenye kesi ya ng'ombe. Alipomwona Bwana Shauri, akasema kwa Kinyambo, tena kwa sauti, "Ndiye huyu? Mbona anafanana na nguruwe aliyechunwa?"

Mzee Yustasi hakupepesa hata jicho. Akageukia meza, akasema kwa Kiswahili, "Mzee amefurahi kuona una afya, Bwana."

Bwana Shauri akatabasamu. "Mwambie ananuka pombe. Aache porojo, aseme shida yake."

"Bwana anasema umetoka mbali, tata," Yustasi akamwambia yule mzee kwa Kinyambo, akimwita baba. "Pole na safari. Tuambie kinachokusumbua."

Mzee wa watu akalainika. Kesi ikaisha kabla ya chakula cha mchana, na wakaagana kama wakwe.

Tulipotoka nje nilimuuliza, "Mzee, mbona hawakusema hivyo?"

"Wewe umeajiriwa kufanya nini?"

"Kutafsiri."

"Umeajiriwa ili watu wasipigane," akasema. "Ukisikia mtu katukanwa, wewe mwambie kaulizwa hali. Na kesho uje na viatu vyako mwenyewe."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Mengine niliyajifunza polepole: kusimama nyuma kidogo ya bega la msemaji ili asiuone uso wako, kuweka kahawa shavuni koo lisikauke, kutotazama upande wowote mtu anapolia. Yustasi alipokufa nikashika nafasi yake, nikaupamba ulimwengu kwa bidii. Wakulima wakaamini kwamba wazungu wote ni watu wa adabu sana, isipokuwa nyuso zao hukasirika zenyewe kwa ajili ya jua. Na Mabwana Shauri, kila mmoja kwa zamu yake, wakaandika huko wanakoandika kwamba watu wa Karagwe wanawapenda. Waliojua Kiswahili na Kinyambo kwa pamoja walikuwa wachache. Hao walikaa kimya, kwa kuwa walikuwa wakipata burudani ya bure.

Sasa nifike kwenye mgomo.

Bomani tulikuwa na tarishi aitwaye Paulo. Kazi yake ilikuwa kubeba mfuko wa barua kwa miguu, leo Kibingo, kesho Kamuli, mvua ikinyesha au la. Siku moja njiani akakutana na nyati. Mtu mwingine angeutupa mfuko akapanda mti. Paulo alipanda mti na mfuko, na kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshika mali ya serikali, hakupanda juu vya kutosha. Nyati akamfikia mguu. Alilala zahanati muda mrefu, akatoka na goti lisilokunjika. Mfuko ulifika salama. Ulipofunguliwa, tulikuta magazeti ya zamani na kifurushi cha soksi za Bwana Shauri.

Bwana Shauri wa wakati huo alikuwa kijana mrefu, mwenye haraka. Alizivaa soksi, kisha akamwachisha Paulo kazi. Alisema tarishi asiyeweza kutembea si tarishi. Akamtaka pia aondoke katika nyumba ya boma kabla ya mwisho wa mwezi, yeye na mkewe na watoto.

Siku hizo watumishi wa chini wa serikali tulikuwa ndio kwanza tumejiunga na chama. Mwenyekiti wetu alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda wa zahanati, Yonathani, Mlutheri kutoka Muleba, mtu mkavu asiyecheka hata akitekenywa. Alikwenda kwa Bwana Shauri kuomba Paulo apewe kazi ya kukaa, hata kulinda ghala la taa. Alirudi akasema maneno machache tu: "Amenionyesha mlango." Kesho yake tukagoma. Matarishi, wafagiaji, watu wa barabara, dresa mwenyewe, na mimi.

Nilipomweleza Veronika, alikuwa anamenya ndizi. Akasimamisha kisu.

"Umegoma kufanya nini?"

"Kutafsiri."

"Yaani umegoma kuongea? Wewe?"

"Ndiyo."

"Basi goma na hapa nyumbani kidogo, tupumzike." Kisha akanitazama vizuri, na utani ukamtoka. "Wakitutoa kwenye nyumba hii, tutakwenda wapi, baba Editha? Kibanja cha baba yako wamekigawana kaka zako."

Niseme kweli, niliogopa. Lakini kila nilipomwona Paulo akiburuta lile goti uani, nilijua kwamba zamu ya mtu mwingine itafika, na mimi miguu yangu yote miwili ilikuwa imechoka kwa kusimama miaka mingi.

Jambo la mgomo likaenea wilaya nzima, na kila mtu akawa na maoni. Kwenye vilabu vya rubisi walibishana mpaka vibuyu vikapasuka. Jumapili, Padre alihubiri kwamba kugoma ni dhambi. Walutheri waliposikia hivyo wakaanza kuupenda mgomo, mpaka walipogundua kwamba mchungaji wao naye ameukemea asubuhi hiyo hiyo, wakarudi nyumbani wamechanganyikiwa. Wakulima wengi walikuwa dhidi yetu. Waliona zahanati imefungwa, kesi za mipaka zimelala, na hakuna aliyewaambia chanzo. Askari wa boma, ambao hawakugoma, walikuwa wametangaza sokoni kwamba watumishi wanagoma kwa sababu ya ulafi.

Bwana Shauri akaona hapo ndipo penye ushindi. Akaitisha baraza kwenye uwanja wa mpira, watu wote waje, wakulima wawakemee watumishi hadharani. Lilikuwa wazo zuri sana. Alisahau jambo moja tu, kwamba atahitaji mkalimani.

Watu walikuja wengi kuliko siku ya Noeli. Sisi wagomaji tulisimama upande mmoja karibu na goli. Bwana Shauri akapanda juu ya kreti, akaanza kuhutubia mwenyewe kwa Kiswahili chake. Wazee wakasikiliza kwa heshima kubwa, na alipotua wakampigia makofi, kisha mmoja akauliza kwa Kinyambo kama ameanza au bado.

Akaitwa katekista wa misheni asaidie. Katekista alikuwa mtu mwema, lakini sauti yake ilijua wimbo mmoja. Bwana Shauri aliposema serikali haitavumilia, yeye akatafsiri kwa mlio ule ule wa kanisani, mikono ameikunja kifuani, na uwanja mzima ukaitikia, "Amina." Alipofika kwenye adhabu, akina mama kadhaa walikuwa wameshapiga magoti.

Ndipo Mzee Byabato wa Kamuli aliposimama. Huyu alikuwa mkulima mkubwa wa kahawa, mwenye kesi ya mpaka iliyokuwa imekwama kwa ajili yetu, na alikuja siku hiyo hasa kututukana. Akapiga fimbo chini. "Mleteni Titusi! Nimetembea toka Kamuli kuja kugombana, siyo kusali!"

Watu wakacheka, wakaitikia, "Titusi! Titusi!"

Yonathani akanishika mkono. "Huendi. Mgomo ni mgomo. Ukitafsiri umerudi kazini."

"Nisipotafsiri watasikia ya katekista," nikasema. "Tutahukumiwa bila hata kusikilizwa."

"Ukienda, umeuvunja."

Paulo alikuwa ameegemea nguzo ya goli. Akasema, "Si avue koti?"

Tukamtazama.

"Mwenye koti la serikali ndiye mkalimani wa serikali. Akilivua ni Titusi tu. Titusi hajawahi kukatazwa kusema."

Yonathani akalitazama koti langu. "Asilipwe," akasema. "Na asisimame upande wa Bwana Shauri."

Nikalivua koti langu la kaki, nikampa Paulo alishike, nikavuka uwanja na singlendi. Nilimsikia Veronika kati ya akina mama akisema, "Yesu wangu, hata hakuniambia nimfulie."

Nikasimama upande wa watu, nikamwambia Bwana Shauri, "Bwana, leo natafsiri bure. Na kwa kuwa ni bure, sitapamba. Nitasema ulivyosema."

"Ndiyo, ndiyo," akajibu, anatazama saa. "Ndivyo unavyofanya siku zote. Waambie hivi. Serikali ni baba yao. Wao ni kama watoto, wavivu na wasahaulifu, na wasipopigiwa kelele hawafanyi kitu. Sasa hawa watumishi nao wameiga uvivu huo."

Jamani, kinywa changu kilikuwa na mazoea yake. Tayari kilikuwa kinapanga kusema kwamba Bwana anawasalimu na anaulizia migomba. Nikakizuia. Nikatafsiri kama yalivyo, neno moja baada ya jingine, na kila neno lilinitoka kama jiwe.

Watu wakatazamana. Mzee Byabato akaniuliza taratibu, "Huyu mzungu ana homa leo?"

Nikageuka: "Mzee Byabato wa Kamuli anauliza kama una homa, Bwana."

"Nini?"

"Anasema siku zote wewe ni mtu wa adabu."

Hilo nalo Byabato alikuwa amelisema, sikuliongeza. Bwana Shauri akawa mwekundu toka kwenye kola kwenda juu. Akanitazama mimi, akawatazama watu, na nadhani hapo ndipo alipoanza kuhesabu kichwani mwake mabaraza yote ya nyuma.

Msidhani niliwatafsiri wazungu tu. Byabato akatugeukia sisi wagomaji, na alikuwa amejiandaa tangu nyumbani. Akasema tumenenepa kwa kodi yao. Akasema dresa humtazama mgonjwa kama ng'ombe wa mnadani. Akasema, "Na huyu mkalimani mwenyewe, nikija na kesi ananiangalia kwa pembeni kama kuku aliyeona chembe ya mtama. Leo yuko na singlendi ndipo naona kumbe ni mtu." Yote nikayaweka kwenye Kiswahili, pamoja na kuku. Askari wa boma walijiziba midomo. Hata Yonathani, naapa, mdomo wake ulisogea.

Kisha akaja mbele Ma Kokugonza, mjane wa Kibingo, anachechemea, kidonda cha mguuni kimefungwa kwa jani la mgomba. Hakumjali Bwana Shauri. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Yonathani.

"Wewe dresa. Wiki nzima nakuta mlango umefungwa. Mimi nimekukosea nini?"

Yonathani akashindwa kumtazama. "Hujanikosea, mama."

"Basi mbona nanuka?"

Hapo hata waliokuwa wakicheka waliacha. Yonathani akapiga goti palepale kwenye vumbi na suruali yake iliyopigwa pasi, akalifungua lile jani. Akasema, bila kuinua kichwa, "Kuanzia leo nitafunga vidonda hapa nje ya uzio, bila koti. Mlango wa serikali utabaki umefungwa, lakini mama hatanuka." Nikatafsiri. Wagomaji wengine wakaitikia kwa kichwa. Hakukuwa na kikao.

Ma Kokugonza, mguu uko mikononi mwa dresa, akauliza, "Haya, na mnagombea nini hasa? Sokoni tumeambiwa ni ulafi."

Yonathani akamwonyesha Paulo kwa kidole. Mimi nikaeleza habari ya nyati na nyumba. Watu hawakuwa wameisikia. Walimfahamu Paulo wote, kwa kuwa aliwaletea barua za watoto wao walioko mbali, na kwa wasiojua kusoma alikuwa akiwasomea, na kwa ndizi moja ya kuchoma alikuwa akiwaandikia na majibu.

"Muulize huyo," Ma Kokugonza akasema, anamwelekeza Bwana Shauri kwa kidevu, "kwa nini anamfukuza."

Nikamuuliza. Bwana Shauri alikuwa ameshakasirika, na mtu mwenye hasira hachagui maneno. Akasema, "Tarishi asiyetembea ni kama ndoo iliyotoboka. Haina kazi. Inatupwa."

Ningeweza kulitoa makali. Nilikuwa na njia kumi za kulilainisha, zote Yustasi alinifundisha. Nikalisema kama lilivyo.

Ma Kokugonza hakupiga kelele. Aliinua ule mguu wake, bendeji nusu imefungwa nusu inaning'inia, akaushika kwa mikono miwili. "Mwambie na mimi nimetoboka. Nimelima kahawa ambayo serikali yake inaipeleka kwao. Aniambie nitatupwa upande gani, nisogee mwenyewe, nisimsumbue."

Nilitafsiri. Bwana Shauri akaitazama saa yake tena.

Ndipo Paulo akasema kutoka golini, kwa Kiswahili, hakuhitaji mkalimani, "Bwana, zile soksi zilikutosha?"

Mzee Byabato alitaka atafsiriwe kicheko cha askari. Nilipomweleza, hakucheka. Akasimama tena. "Mimi nilikuja kuwapinga hawa, na bado nawapinga. Ni wajivuni. Kesi yangu imelala kwa ajili yao. Lakini mtu hatupwi. Kesi yangu itangoja mpaka Paulo apewe pa kukaa." Akaketi. Upande wa Kamuli wote ukasema, "Itangoja." Upande wa Kibingo nao, ambao ndio walikuwa na mpaka naye, ukasema, "Na sisi tutangoja." Nadhani hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu babu zao.

Bwana Shauri akashuka kwenye kreti, akaondoka bila kufunga baraza. Kisheria nadhani bado linaendelea.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Tulisikia tutafukuzwa wote, tukasikia askari watakuja kutoka Bukoba. Veronika alifunga vyombo kwenye mkeka akaviweka mlangoni, na kila asubuhi akafungua sufuria moja kwa ajili ya chakula. Watu wa Ihembe walituletea mikungu ya ndizi, wengine wakituambia waziwazi kwamba sisi hawatupendi, wanampenda Paulo. Tulikula hivyo hivyo.

Mwishowe alikuja mkubwa wake Bwana Shauri kutoka Bukoba, mzee mwenye masikio mazito, akasikiliza, akauliza kama kweli boma zima limefungwa kwa ajili ya goti la mtu mmoja. Paulo akapewa ghala la taa, na nyumba akabaki nayo. Ghala lile alilishika vizuri mno. Bwana Shauri akitaka taa, Paulo alimwandikisha jina, akamuuliza anaipeleka wapi na atairudisha lini.

Mimi sikufukuzwa. Nilihamishiwa mnada wa ng'ombe, nitafsiri kati ya wachuuzi na wafugaji. Ilikusudiwa iwe adhabu. Pale kila mtu anadanganya na kila mtu anajua, kwa hiyo nilipumzika sana. Yule kijana mrefu alipohamishwa, aliyekuja baada yake akaniita nirudi bomani, na nikarudi, nikalivaa koti langu, na siku ya kwanza tu mzee mmoja akamwita Bwana mpya jina ambalo siliandiki hapa. Nikamwambia Bwana kwamba mzee anamkaribisha Karagwe.

Niliendelea hivyo mpaka siku ya kuagwa kwangu, mwezi uliopita. Bwana Shauri wa sasa akaandaa sherehe ndogo uani. Paulo alileta taa ijapokuwa ilikuwa mchana. Ma Kokugonza alikuwepo, Byabato alikuwepo, akiwa bado ana kesi. Bwana akasimama kunisifu kwa Kiswahili. Kwa kuwa nafasi yangu ilikuwa haijajazwa, akaniomba niitafsiri hotuba yake ya kuniaga mimi mwenyewe.

Nikasimama nyuma kidogo ya bega lake kama nilivyofundishwa. Alisema mengi mazuri, nami nikayafikisha, pengine na chumvi kidogo, maana Veronika alianza kukohoa. Kisha akamalizia, "Kwa jumla Titusi amekuwa mtumishi mwema wa watu wa wilaya hii miaka yake yote, isipokuwa zile siku za mgomo."

Koti lilikuwa bado mabegani mwangu, na mshahara wangu ulikuwa unakwisha saa kumi jioni. Nikawageukia watu, nikatafsiri kwa Kinyambo: "Bwana anasema nimekuwa mtumishi mwema wa watu wa wilaya hii miaka yangu yote, hasa zile siku za mgomo."

Ua mzima ukalipuka kwa vigelegele. Byabato akapiga fimbo chini, Ma Kokugonza akainuka akacheza kwa ule mguu wake, na Bwana Shauri akanipa mkono, uso umemng'aa kwa furaha, akaniambia kwamba katika maisha yake hajawahi kuona hotuba yake ikipokelewa vizuri namna ile.